Sola kubwa katikati ya nyumba zetu Kisumu: tunapinga kitu gani hasa?

Mwanzisha mada, Mamboleo:
Swali ni hili: mitambo mikubwa ya sola iruhusiwe kwenye maeneo ya makazi, au ipelekwe mbali? Naanza mimi, na mimi ni mpinzani.

Madalali wakianza tu kuulizia ekari zilizopakana upande wa Kibos na Chiga, maneno yanayofuata ni yale yale: mionzi, saratani, mimba kuharibika, mwanga wa kupofusha madereva. Jamani, hoja hizo tuziache kabla hazijatuaibisha mbele ya NEMA, mamlaka ya mazingira inayotoa leseni. Paneli haikutolei mionzi ya kuogopwa kuliko nyaya za stima zinazopita juu ya paa lako. Kuhusu mwanga, paneli imetengenezwa iumeze. Mabati mapya ya jirani yanachoma macho zaidi. Kelele ipo, ya feni za inveta (mashine zinazogeuza umeme wa paneli uweze kutumika) na mvumo wa transfoma, lakini jua likizama inveta nazo hunyamaza.

Mimi naogopa maji. Huku kwetu uwanda wa Kano ni tambarare, udongo wetu ni ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, na mafuriko ya 2024 hakuna wa kusimuliwa. Sasa funika ekari ishirini kwa paneli. Mvua haidondoki tena kila mahali sawasawa, inamwagika kwenye ukingo wa chini wa kila safu na kuchimba mfereji pale pale. Ardhi yenyewe imeshindiliwa na malori ya ujenzi, hainywi maji kama ilivyokuwa na miwa au nyasi. Yatakwenda kwa nani? Kwa aliye chini ya mteremko, na Kano mteremko ni mdogo hivi kwamba huujui mpaka maji yaingie jikoni.

Halafu kuna nafasi. Mtambo wa Garissa, uliozinduliwa 2019, ni wa megawati 50 na umekalia takriban hekta 85. Hiyo ni zaidi ya ekari nne kwa kila megawati, yaani ploti zaidi ya thelathini za futi hamsini kwa mia. Garissa nafasi ipo. Mji unaotanuka kama huu wetu hauna.

Mama mwenye nyumba za kupangisha, Nyamasaria:
Wapangaji wangu hawaniulizi habari ya mionzi. Wanauliza kama stima itaacha kupotea saa mbili usiku.

Fundi wa sola, Kondele:
Haitaacha, mama. Mtambo wa namna hiyo unauza umeme kwenye gridi ya taifa. Kuishi kando yake hakukupunguzii bei ya tokeni hata senti. Na saa mbili usiku ndipo nchi nzima imewasha taa na kupika, jua limeshazama. Bila betri hauna la kukusaidia saa hiyo.

Mimi ningeanza na mapaa. Tembea eneo la viwanda uhesabu maghala yenye paa tupu, ongeza masoko na shule. Chuo Kikuu cha Strathmore kule Nairobi kiliweka kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014 na hakuna aliyehamishwa. Sheria ya Kawi ya 2019 nayo inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuingiza ziada yake kwenye gridi. (Ndiyo, nina maslahi, mimi ndiye ninayefunga hizo paneli.)

Mwenye shamba, Chiga:
Nimewasikiliza. Mnazungumza kana kwamba shamba ni la kijiji. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilikufa tukikitazama. Miwa inachukua mwaka na nusu shambani, halafu unaisubiri pesa mpaka unasahau ulidai kiasi gani. Mtu akija na kodi ya kila mwaka, na ardhi inabaki yangu, nimkatae kwa sababu wewe wa Mamboleo unaogopa maji? Flati zenu zimezungushiwa matofali ya kabro pande zote. Hayo maji yenu mliuliza yanakwenda kwa nani? Yanakuja kwangu!

Kijana wa Kibos:
Jaduong', mzee wetu wa Chiga, amemaliza. Ila mwanzisha mada, hoja za mionzi ndizo zinazojaza baraza. Kinangop watu walipiga kelele na mradi wa upepo wa megawati 60 ukafa 2016. Kwa nini tutupe silaha inayofanya kazi?

Mwanzisha mada, Mamboleo:
Kijana, Kinangop hofu ya afya ilikuwepo, lakini ugomvi wa ardhi na fidia ulikuwa mzito. Wewe ukienda kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira na saratani ya kusikia, wakili wa mwekezaji atakumaliza kwa dakika tano. Ukienda na mchoro unaoonyesha mfereji wao ukiishia kwenye ua wako, atalazimika kujibu. Na leseni ya NEMA ikishatolewa, rufaa kwenye mahakama hiyo ni ndani ya siku 60, basi.

Jaduong', kuhusu kabro umenibana, na bado nasema ekari ishirini kwa mpigo si ploti moja moja. Sikukatazi kodi yako. Nakuuliza mambo ambayo dalali hatakwambia. Kukodisha shamba la kilimo kunahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, wameitaja? Mkataba ukiisha, au kampuni ikifilisika katikati, nani anang'oa vyuma na zege? Kama pesa za kung'oa hazijawekwa mahali tangu siku ya kwanza, watakaorithi mabaki ni wanao.

Mwenye shamba, Chiga:
Hilo la zege sikuelezwa. Nitauliza kabla ya kuweka sahihi. Lakini wakija kwenye baraza, mniletee mtu wa kupima mteremko, si vijana wa mabango. Na aanze na flati zenu.