Wikendi moja Prague nikitokea Dresden, nianzie wapi?

Binti wa Chake
Assalam alaykum na habari zenu nyote. Mimi nasoma hapa Dresden, nipo semesta ya pili, na tangu nifike kila mtu ananambia Prague iko hapo tu nenda kaione. Na mimi mambo ya historia nayapenda toka niko skuli kwetu Pemba, kwa hiyo nimeamua wikendi ijayo naenda. Naondoka Ijumaa jioni baada ya kipindi, Jumatatu saa mbili asubuhi lazima niwe maabara, yaani nina Jumamosi nzima na Jumapili mpaka jioni basi. Nikiangalia mtandaoni naletewa orodha ya vitu arobaini vya kuona, sijui nikamate kipi niache kipi. Waliofika naomba mnisaidie: makaratasi inakuwaje kwa sisi wenye kibali cha Ujerumani, hela natumia ipi, na katika hivyo vitu vyote vipi kweli si vya kukosa? Navaa hijabu, nguruwe sili, na hela ndo hii ya mwanafunzi.

mpanda_treni
Waalaykum salaam dada. Makaratasi usiwe na wasiwasi, kibali chako kikiwa hai unaingia Cheki bila viza, ni Schengen ileile, una ruhusa ya hadi siku 90 ndani ya siku 180. Ila beba pasipoti yenyewe na kadi ya ukaazi yenyewe, SIYO picha kwenye simu, maana Ujerumani ilirudisha ukaguzi mpakani na wakati wa kurudi polisi wanaweza kupanda treni na kuuliza. Wakikuuliza unatoa kadi wanaangalia wanakurudishia, yameisha.

Treni ni kama masaa mawili na nusu mpaka stesheni kuu, inaitwa Praha hlavní nádraží. Ukienda kaa dirisha la KUSHOTO, mto Elbe unakuwa upande huo karibu njia nzima, na kabla ya mpaka unapita chini ya miamba mirefu ya mchanga mpaka unasahau simu yako. Ukivuka mto ni uleule ila Wacheki wanauita Labe. Tiketi ukikata mapema ni nafuu, ukichelewa angalia basi.

Hela ni koruna, siyo euro. Euro moja ni kama koruna 24 au 25. Baadhi ya maduka yanapokea euro lakini kwa kiwango wanachotaka wao. Mimi nakushauri lipa kwa kadi kila panapowezekana, na ukitoa kwenye mashine ikikuuliza ukatwe kwa euro au koruna chagua koruna. Mtu akikufuata mtaani anasema atakubadilishia kwa bei nzuri usisimame hata kidogo, wanatoa noti za nchi nyingine zisizo na thamani. Na ukibadilisha dukani ukakuta umepewa kiwango kibaya, sheria yao inakuruhusu kurudi na risiti ndani ya masaa matatu ukarudishiwa hela yako, ilimradi haizidi euro 1000. Wengi hawalijui hili.

Mkenya Leipzig
Hapo kwa pesa amesema ukweli mtupu. Mimi nakuongezea kitu kimoja ambacho watu wa wikendi huwa hawaambiwi, nacho ni kwamba siku zenyewe ndizo zinakupangia safari. Jumapili asubuhi kanisa kuu la Mtakatifu Vitus kule kwenye Ngome ya Prague lina misa, watalii wanaingia kuanzia saa sita mchana. Na Jumamosi makumbusho ya Wayahudi yanafungwa kwa sababu ya Sabato. Ukifanya kinyume utakuta milango imefungwa siku zote mbili na umeshalipa nauli. Kwa hivyo ngome ni Jumamosi, mtaa wa Wayahudi ni Jumapili, hiyo usibadilishe.

Kwa ngome panda tram namba 22 ushuke Pražský hrad, itakutoa juu kabisa halafu unashuka kwa miguu ukirudi mjini. Tiketi ya tram ni hiyohiyo ya metro na basi, na ile ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine ukipanda, wakaguzi huvaa nguo za kawaida na faini yao si mchezo. Kuingia uani kwa ngome ni bure, tiketi ni ya kuingia ndani ya majengo na uulize bei ya mwanafunzi. Hilo kanisa lilianzwa 1344 likamalizika 1929, hebu fikiria, karibu miaka 600 watu wanajenga na wanaoanza wanajua hawatalimaliza. Alafu kwa kasri la zamani la wafalme kuna chumba ambacho mwaka 1618 viongozi wa Kiprotestanti walikasirika na maafisa wa mfalme wakawatupa wawili dirishani pamoja na karani wao. Wote watatu walipona! Lakini ugomvi ule ndio ulianzisha Vita vya Miaka 30 vilivyochoma Ulaya ya kati yote. Simama hapo kwa dirisha uangalie chini, utaelewa mbona watu bado wanabishana walipona vipi.

Jumapili sasa. Sinagogi la Pinkas, ukutani ndani wameandika kwa mkono majina ya Wayahudi karibu 78,000 wa Bohemia na Moravia, yaani Cheki ya leo, waliouawa na Wanazi. Jina, tarehe, jina, tarehe, ukuta hadi ukuta. Ghorofani kuna michoro ya watoto waliofungwa Terezín, kambi ya Wanazi. Nje ni makaburi ya zamani, jiwe la zamani kabisa ni la 1439, na kwa vile nafasi ilikuwa ndogo walizika juu ya waliotangulia, tabaka juu ya tabaka, mawe yamebanana yameinama. Usiende hapo ukiwa na haraka tafadhali.

Sina Haraka
Nakubaliana na mengi lakini kwa mwenye hela ndogo mimi ningekata tiketi ya jambo moja tu la kulipia, na ningechagua Pinkas na makaburi, ngome ningeizungukia uani bure nikaridhika. Saa ya kale pale uwanja wa Mji Mkongwe ni ya 1410 na bado inafanya kazi, kila saa kamili kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tano usiku mitume wanapita dirishani, ila mchana unaona vichwa vya watu tu kwa hiyo nenda asubuhi ile ya saa tatu. Ukigeuka ukaitafuta sakafu karibu na ukuta wa jumba la mji utaona misalaba myeupe 27 kwenye mawe, watu hukanyaga wakipita. Ni viongozi 27 wa uasi wa wale Waprotestanti aliowasema Mkenya, waliuawa hapo hadharani 21 Juni 1621. Daraja la Charles nalo nenda alfajiri, saa kumi na mbili hivi, utalikuta karibu tupu na ukungu wa mto, saa tano hutembei unasukumwa.

Chakula: vyao vingi vina nguruwe, uliza kila kitu. Jibini la kukaanga, wanaita smažený sýr, linapatikana kila mahali, ila mafuta yanaweza kuwa yamekaangia vitu vingine hivyo ulizia. Migahawa ya Waturuki na Wahindi ipo, ya Wavietnamu ndo usiseme maana Wavietnamu ni wengi sana Cheki. Msikiti uko Černý Most, mwisho wa metro mstari B. Na yale mazongemazonge ya unga wa kuchoma yanayouzwa kila kona kwamba ni ya asili ya Prague, ni matamu lakini yamekuja na watalii juzi juzi tu, usiyapangie foleni.

Binti wa Chake
Jamani Mungu awabariki, hilo la Jumamosi na Jumapili peke yake limeniokoa maana nilikuwa nimepanga kinyume kabisa. Sasa Jumamosi mchana baada ya ngome nina masaa manne matano hivi hayana kazi, niyatie wapi? Nisingependa kurudi tena kwenye maduka.

Mzee wa Forodhani
Mwanangu, na mimi nichangie maana mji huo una deni na sisi. Baba yangu mkubwa alikwenda kusoma huko miaka ya sitini, alikuwepo chuo kimoja wakikiita Chuo Kikuu cha 17 Novemba, kilifunguliwa 1961 kwa ajili ya wanafunzi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kikafungwa 1974. Alikuwa akitusimulia mpaka baridi ya huko tunaihisi barazani. Basi wewe ni mwanafunzi, yafate yale ya wanafunzi.

Hiyo tarehe 17 Novemba asili yake ni 1939. Wanazi walikuwa wameshaiteka nchi, mwanafunzi wa udaktari Jan Opletal akapigwa risasi kwenye maandamano akafa, mazishi yake yakawa maandamano mengine. Wanazi wakavamia mabweni usiku, wakawaua tisa bila ya kesi, wakawapeleka zaidi ya 1,200 kambi ya Sachsenhausen, vyuo vikuu vya Kicheki vyote vikafungwa. Ikapita miaka 50 kamili, 17 Novemba 1989, nchi ikiwa chini ya Wakomunisti, wanafunzi wakakusanyika mtaa wa Albertov kuwakumbuka wale. Wakaandamana mpaka makaburini Vyšehrad, kisha wakashuka kando ya mto kuelekea kati ya mji, na kwenye mtaa wa Národní polisi wakawazuia wakawapiga. Siku ya pili yake waigizaji na wanafunzi wakagoma, utawala wa Wakomunisti ukaanguka, na tarehe 29 Disemba Václav Havel, mwandishi mpinzani wao aliyekuwa mfungwa mwanzoni mwa mwaka huohuo, akachaguliwa rais.

Sasa njia ile unaweza kuitembea mwenyewe mchana wako huo na hulipi hata senti. Chukua metro mstari C mpaka kituo cha Vyšehrad, ingia ndani ya ngome ya zamani, mji mzima na mto unauona kutoka juu ya kuta, na pale makaburini amelala Dvořák na Smetana wale wa muziki. Kisha teremka mpaka mtoni uufuate kuelekea kaskazini, mto kushotoni kwako, mpaka ukute Jumba la Tamthilia la Taifa lenye paa la dhahabu, hapo kata kulia, ndio Národní. Chini ya baraza ya jengo moja upande wa kulia tafuta bamba dogo la shaba lenye mikono imenyanyuliwa. Watu huweka mishumaa.

Ukiwa na nguvu bado endelea mpaka uwanja wa Mtakatifu Václav (Václavské náměstí), panda mpaka juu mbele ya Makumbusho ya Taifa. Utaona msalaba wa shaba kama umelala chini ya mawe unataka kuinuka. Hapo ndipo Jan Palach, mwanafunzi wa miaka 20, alipojitia moto 16 Januari 1969 kupinga nchi kukubali kimya uvamizi wa majeshi ya Kisovieti na washirika wao wa Agosti 1968. Akafa baada ya siku tatu. Muombee mzee wangu pia ukipita mji huo.

Mkenya Leipzig
Mzee shikamoo. Nimefika Prague na hiyo njia ya wanafunzi sikuwahi kuambiwa na mtu. Nimeiandika.

Binti wa Chake
Shikamoo baba. Nimesoma mara mbili, hiyo ya Jumamosi mchana nishaichukua yote kama ilivyo na baba mkubwa nitamuombea inshallah. Suala la mwisho kabisa, Jumapili nikitoka hosteli begi naliweka wapi? Sitaki kuingia nalo makaburini.

mpanda_treni
Makabati ya kuwekea mizigo yapo stesheni kuu. Kutoka hapo mpaka mtaa wa Wayahudi ni mwendo wa miguu kama dakika 20, 25, na jioni unalichukua unapanda treni palepale. Kurudi kaa kulia.