Nusu maili ya Kilimanjaro irudishwe kwa vijiji? Tujadili

Habari wadau,

Naomba tulijadili suala la nusu maili, na msimamo wangu nautaja mapema. Ukanda ule urudi kwenye usimamizi wa vijiji kwa masharti makali, kwa ajili ya majani ya mifugo na kuni kavu tu. Kuufunga kabisa kunaua kihamba, yaani shamba la Mchagga la migomba na kahawa.

Kwa wasioufahamu, ni ukanda wa upana wa kama mita 800 kati ya mashamba ya watu na msitu wa Mlima Kilimanjaro. Msitu huo ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1921, enzi za Mwingereza. Mwaka 1941 serikali hiyohiyo ya kikoloni ikatenga nusu maili ili wananchi wapate mahitaji yao bila kuugusa msitu wenyewe, na Baraza la Wachagga likawa ndilo linalousimamia. Hifadhi ya Taifa ilipoanzishwa 1973 ilikuwa kule juu, kuanzia mita 2,700 hivi kwenda kileleni, kwa hiyo mwananchi hakuguswa. Mambo yalibadilika 2005, msitu wote ulipoingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa. Tangu hapo ukikata majani kule bila ruhusa umevunja sheria, sawa na aliyekata mti, na mkulima wa Kibosho juu amejikuta mpaka wa hifadhi umeshuka hadi pembeni mwa migomba yake.

Wasiokaa mlimani huona majani ni jambo dogo. Nendeni mkakiangalie kihamba kimoja tu. Juu kuna miti mikubwa, mringaringa na mruka, inayotoa kivuli. Chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na mboga, huku mfongo, yaani mfereji wa asili, ukipitisha maji kutoka korongoni. Hakuna pa kuchungia hata mbuzi mmoja. Ng'ombe anakaa zizini mwaka mzima na chakula anapelekewa, naye anarudisha samadi, na samadi ndiyo inayofanya ardhi ileile ilimwe kizazi hadi kizazi bila kuchoka. Kiangazi majani ya shambani yanakwisha. Unabaki kumkatia vigogo vya migomba, ambavyo karibu vyote ni maji, na maziwa yanakauka. Mwenye hela ananunua mabua ya mahindi kutoka tambarare na kulipia gari. Asiye nayo anauza ng'ombe. Akishauza, mikungu inaanza kuwa midogo, kahawa inadhoofu, na vijana wanaona hakuna haja ya kubaki na shamba lisilolipa. Mtori, kiburu na mbege ya harusi vyote vinatoka kwenye mgomba ule uliolishwa samadi.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Mwaka 1987 UNESCO iliutambua mlima kama urithi wa dunia kwa uzuri wake wa asili peke yake. Watu hawamo. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, nayo ikakitambua kilimo cha kihamba cha kijiji cha Shimbwe Juu kama urithi wa kilimo wa dunia. Yaani sehemu zote mbili, mlima na mashamba yanayouegemea, tumezikubali kuwa hazina, halafu tukazitenganisha kwa mpaka ambao hata mzigo wa majani ni shida kuuvusha. Wageni tunawapeleka Marangu kuona nyumba ya msonge na kuonja mbege, wakati kinachoufanya utamaduni huo uishi tumekifungia nje.

Karibuni kwa hoja.

*

Jibu la kwanza

Mkuu, nimekuelewa, ila umeruka sehemu moja ya historia. Nusu maili ilishakuwa mikononi mwa halmashauri baada ya Baraza la Wachagga kuondoka, na tuliona matokeo yake. Uchunguzi wa kutoka angani wa mwaka 2001 ulikuta mikulo, ile miti mikubwa ya mbao, imekatwa kwa maelfu msituni, na nusu maili yenyewe ilikuwa kati ya maeneo yaliyoharibiwa vibaya, sehemu nyingine imegeuzwa mashamba kabisa. Hiyo ni licha ya katazo la kukata miti ya asili lililokuwepo tangu 1984. Ndiyo maana msitu ukapelekwa hifadhini. Pia 1941 watu walikuwa wachache, leo kihamba kimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi hakitoshi kujenga nyumba ya pili. Ukifungulia majani leo, kesho panga litafika kwenye mti. Na tusisahau kwamba maji ya mifongo unayoisifia yanatoka kwenye msitu huo zaidi kuliko kwenye theluji. Msitu ukipungua, hadi watu wa bwawa la Nyumba ya Mungu na Mto Pangani wataumia. Mimi nasema wasaidiwe kwa mitungi ya gesi na mbegu za majani ya kupanda kwenye kingo za matuta.

*

Jibu la pili

Gesi nakubali, ila maharage na makande ya sherehe bado yanapikwa kwa kuni, tusidanganyane. Mimi ni wa Rombo, na kwetu kilio cha kwanza ni tembo wanaoshuka kula migomba. Mkizungumzia mpaka, zungumzieni na hilo.

*

Mleta mada

Ndugu wa jibu la kwanza, uharibifu ule siukatai. Lakini mikulo ile haikuangushwa na mama mwenye mundu na kamba. Ule ulikuwa mti wa mbao, ulihitaji msumeno, gari na mteja. Na uzoefu wa halmashauri si uzoefu wa kijiji, kwa sababu halmashauri ilikaa mbali na wanufaika hawakuwa na la kusema. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu usimamizi wa pamoja kati ya serikali na vijiji, ila utaratibu huo ni wa misitu, haufanyi kazi ndani ya hifadhi ya taifa. Ndiyo maana nasema nusu maili itolewe hifadhini, ibaki hifadhi ya msitu. Kama hilo ni gumu, tuwaige Waganda: pale Bwindi, ambayo ni hifadhi ya taifa ya milimani, tangu miaka ya 1990 wanavijiji wamekuwa wakiruhusiwa kuchukua dawa za asili, kuchukua malighafi za kusukia vikapu na kuweka mizinga kwenye maeneo maalumu, na sokwe bado wapo.

Tena mlima ulipowaka moto Oktoba 2020, wanavijiji na wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka walipanda pamoja na askari kuuzima. Watu wa namna hiyo wanaaminika kukata majani.

Masharti ninayoyaona ni haya: mundu tu, msumeno na mkaa marufuku, siku maalumu za kuingia, na kijiji kitakachokutwa na kisiki kibichi kifungiwe msimu mzima. Ninachokwama ni nani awe msimamizi. Kamati ichaguliwe na mkutano wa kijiji, au kila mtaa uangalie kipande kinachopakana nao? Wa Rombo, tembo nimemsikia, hilo lianzishiwe mada yake. Wa Machame na Old Moshi, kwenu ilikuwaje kabla ya 2005?