Mjadala: Chembe nano ziandikwe kwenye lebo, au tungoje utafiti uishe?

Mwalimu wa Kemia, Nakuru (mwenye mada)
Chembe nano zinazoundwa viwandani tayari tunazo majumbani: losheni za kukinga jua, soksi zisizonuka, vichujio vya maji vyenye madini ya fedha. Hizi ni chembe za nanomita 1 hadi 100, wakati unene wa unywele mmoja hukaribia nanomita 80,000. Kule Umoja wa Ulaya, tangu 2013 kipodozi chenye chembe hizo lazima kiandikwe "nano" kando ya jina la kiungo. Hapa kwetu ukigeuza chupa unabahatisha tu.

Msimamo wangu: ziandikwe sasa, utafiti wa usalama wake ukiendelea. Asbesto tuliezekea hadi shule, Kenya ikaja kuipiga marufuku 2006, na saratani yake huchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza. Anayepinga aseme kwa nini.

Mama wa Kakamega
Mimi napinga, Mwalimu. Mwanangu ana ualbino na tunaishi jirani na ikweta. Kwake losheni ni dawa. Ukiandika neno geni kwenye chupa, kesho nyanya yake ataitupa chooni akisema ina sumu. Hiyo saratani ya ngozi itakayofuata mtaiandikia lebo gani?

Mwanafunzi wa maabara, Maseno
Mama, endelea kumpaka. Zinki oksidi na titani dioksidi, zile chembe za losheni zinazozuia jua, kwenye ngozi isiyo na jeraha hubaki kwenye tabaka la juu lililokwisha kufa; tafiti nyingi zinakubaliana hapo. Cha kuepuka ni ile ya kupuliza, kwa sababu mtoto ataivuta.

Mwalimu naye asiziweke zote kapu moja na asbesto. Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh waliwadunga panya tumboni mirija nano ya kaboni, yaani nyuzi nyembamba mno zenye uwazi ndani. Mirefu iliyonyooka ilileta uvimbe wa mwasho kama wa asbesto: seli za ulinzi hujaribu kuimeza, zikashindwa kuimaliza. Mifupi na iliyojikunja haikufanya hivyo. Umbo, urefu na njia ya kuingia mwilini ndivyo vinavyoamua.

Na msidhani utafiti "utaisha". Titani dioksidi ya kung'arisha vyakula, E171, ilichunguzwa na mamlaka ya chakula ya Ulaya, ambayo mwaka 2021 ilisema haiwezi tena kuihesabu kuwa salama. Ikapigwa marufuku huko 2022. Mwaka 2023 kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, ikaangalia suala lilelile na haikuona haja ya kuiwekea kikomo.

Mkulima, Njoro
Mwaka 2024 mbolea feki ilitufikia mpaka shambani, na hiyo ilionekana kwa macho. Leo mnataka wakaguzi haohao wapime nanomita? Haya.

Fundi wa rangi, Kondele
Mnazungumzia losheni na peremende, na mimi hapa kazi yangu ni unga mweupe kwenye gunia. Nachanganya, napuliza, kikikauka napiga msasa. Barakoa ni kitambaa. Nani amewahi kuja gereji kupima hewa?

Mwanafunzi wa maabara, Maseno
Kaka, swali lako ndilo zito kuliko yote hapa. Unga huo kwa kawaida ni hiyohiyo titani dioksidi. Ya rangi huwa na chembe za nanomita 200 hadi 300, kwa hiyo si nano. Lakini ipo pia ya nano, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, ilipendekeza vikomo viwili mwaka 2011: miligramu 2.4 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa ile kubwa, na 0.3 kwa ile ya nano. Kemikali ni moja, kikomo kinapishana mara nane. Rangi ikishakauka ukutani chembe zimefungwa. Hatari yako iko kwenye unga, ukungu wa rangi unayopuliza na vumbi la msasa. Kitambaa hakitoshi, tafuta barakoa ya N95 inayokaza usoni.

Mwalimu wa Kemia, Nakuru
Basi hoja yangu imepata nguvu. Bila lebo, fundi atajuaje kikomo kipi kinamhusu?

Mama wa Kakamega
Kwenye gunia lake, sawa. Kwenye chupa yangu bado nakataa, mpaka mpite kwanza kwenye redio za vijijini mueleze.

Fundi wa rangi, Kondele
Mimi ya chupa siijui. Lakini gunia liandikwe, na liandikwe Kiswahili, tena kwa nje. Lile tulilofungua jana lina maandishi ya Kichina matupu. Na hiyo N95, nani ananunua, mimi au mwenye gereji?

Mkulima, Njoro
Mwenye gereji, sheria ya usalama kazini ya 2007 ndiyo inasema. Mwulize, halafu uturudishie jibu hapa.