Binti anafanya SHSAT Novemba, hesabu yuko vizuri ila Kiingereza kinamwangusha. Nishaurini

MamaZai_Bronx aliandika:

Habari zenu wana jukwaa. Mimi mwenyeji wa Tanga, naishi Bronx na familia tangu Agosti 2023. Binti yangu ana miaka 13, Septemba hii ya 2025 anaanza darasa la nane, na Novemba atafanya ule mtihani wa kuingia shule maalumu za New York, SHSAT. Moyo wake wote uko Bronx Science, mojawapo ya shule hizo, hata picha ya jengo kaibandika ukutani juu ya kitanda.

Hesabu hazinipi shida. Jaribio la kwanza tulilomfanyisha nyumbani, kutoka kwenye kitabu kinachotolewa na jiji, alipata 44 kati ya 57. Kiingereza akapata 23 kati ya 57. Baba yake aliguna tu, akatoka nje.

Tukampeleka tuisheni, kituo sitakitaja. Miezi mitatu, kila Jumamosi, wakawa wanampa orodha za maneno magumu akariri. Sasa mtoto anajua Kiingereza cha "mtu anayechukia binadamu wenzake", lakini alama zimepanda mbili. Hela imekwenda.

La pili ndilo linaloniumiza zaidi. Shuleni bado anahesabiwa miongoni mwa wanaojifunza Kiingereza, kuna vipindi anatolewa na wenzake wachache. Anarudi analia, anasema wanamcheka. Nimefikiria niende nikamwombee atolewe huko kabla ya mtihani, asije akaonekana dhaifu kwenye karatasi zake. Nishaurini, na mwenye ukali wake aje nao pole pole.

Kijana_wa_Ilala:

Shikamoo mama. Mimi niko Dar, naomba kueleweshwa kwanza. Hizo shule ni kama Ilboru, Kibaha na Mzumbe?

BabaTito_Queens:

Kijana, zinakaribiana, ila kwenu mtoto anachaguliwa kwa matokeo ya darasa la saba ambayo kila mtu anafanya. Hapa ni mtihani wa pembeni, siku moja, na ndio unaoamua. Haziangalii ripoti ya darasani wala barua ya mwalimu. Ni shule nane: Stuyvesant, Bronx Science, Brooklyn Tech na nyingine tano ndogo ndogo. Ipo ya tisa, LaGuardia, lakini hiyo ni ya sanaa, mtoto anaenda kuimba au kuonyesha michoro yake. Mtihani kwa zile tatu kubwa umewekwa na sheria ya jimbo tangu 1971, ndiyo maana kila meya anayekuja anapiga kelele kuuhusu halafu unabaki pale pale.

Mwl_Nuru:

Mama Zai, pole na hongera. Nafundisha Kiingereza shule ya kati hapa mjini mwaka wa kumi na moja sasa, na kabla ya hapo nilifundisha Morogoro. Nianze na hilo la pili kwa sababu ndilo la haraka.

Usiende kumwombea atolewe. Kwanza hatoki kwa maombi ya mzazi. Anatoka kwa kufikia kiwango kwenye mtihani wao wa masika, NYSESLAT. Pili, na hili ndilo wazazi wengi hawaambiwi, kuwa kwenye kundi hilo ni haki yake yenye faida siku ya SHSAT. Wanafunzi wanaojifunza Kiingereza huongezewa muda. Hata akifaulu na kutoka, haki hiyo haikatiki siku hiyo hiyo, inaendelea kwa miaka miwili. Nenda kwa kaunsela wa shule wiki ya kwanza ya Septemba, muulize ana kwa ana: "Mwanangu ameandikwa kuongezewa muda kwenye SHSAT?" Usikubali jibu la "tutaangalia". Na wanaosahihisha hawaoni popote kwamba alikuwa darasa gani. Inaonekana namba tu.

Sasa Kiingereza chenyewe. Ile tuisheni ilikuibieni kwa sababu mtihani huu hauulizi maana za maneno kwa orodha. Sehemu ya Kiingereza ina vitu viwili. Kuna uhariri, maswali kama 20: anapewa sentensi au aya yenye kasoro, achague namna bora ya kuirekebisha. Yanayobaki, 36 au zaidi, ni ufahamu: vifungu kama sita, vya sayansi, historia, hadithi, na shairi halikosekani. Maneno magumu yakitokea, maana inapatikana mlemle kwenye kifungu.

Nina swali. Kwenye zile alizokosa, nyingi ni uhariri au ufahamu? Rudi kwenye karatasi yake uhesabu. Usikisie.

Mzee_wa_Kazi:

Mnawatesa watoto. Mimi nimesoma shule ya kata, leo nina malori mawili. Mtoto wa miaka 13 unamwekea picha ya jengo juu ya kitanda?

MamaZai_Bronx:

Mzee, picha kaiweka mwenyewe. Ningeweza kumzuia basi nisingekuwa hapa.

Mwalimu, nimehesabu. Uhariri kapata 5 tu kati ya 20! Ufahamu 20. Kumbe sikuwa naona. Halafu nimemkalisha anieleze baadhi, nyingi anasema "mama, hii naiona iko sawa kabisa". Hii hapa mojawapo nimeiiga kutoka kwenye daftari lake: "Walking to school, the rain started." Wanasema ina kosa. Hata mimi sioni kosa.

Mwl_Nuru:

Mama, umenipa mfano mtamu. Wewe na binti hamuoni kosa kwa sababu mnaisikia kwa Kiswahili, na Kiswahili kina kinga ambayo Kiingereza hakina.

Sema kwa Kiswahili: "Akitembea kwenda shule, mvua ilianza kunyesha." Ile *a-* ya *akitembea* tayari imekwambia ni mtu. Mvua ingekuwa *ikitembea*. Kitenzi chetu kinatembea na mtenda wake mgongoni, hapotei. Kiingereza kinasema *walking* tupu, halafu msomaji anatazama nomino ya kwanza baada ya mkato na kumkabidhi tendo. Nomino ya kwanza hapo ni mvua. Kwa hiyo mvua ndiyo inayokwenda shule! Mfundishe hivi: kila sentensi ikianza na kirai cha namna hiyo, aweke kidole kwenye neno linalofuata mkato, ajiulize, "huyu ndiye aliyetenda?" Akisema hapana, kosa ameshalikamata.

La pili linalowaponza watoto wetu ni mkato. Kiswahili kinasimulia kwa *-ka-*: "Nilifika, nikagonga, nikasubiri, nikaondoka." Safi kabisa, mikato inatosha. Mtoto anaipeleka hivyo hivyo kwenye Kiingereza, anaunga sentensi mbili kamili kwa mkato mtupu. Kwao hilo ni kosa, na wanalitega karibu kila mtihani. Anahitaji nukta, au nukta-mkato, au kiunganishi baada ya mkato.

La tatu, hapa tuna mtaji. Upatanisho. Muulize Zai: "Kikapu cha maembe *kimeanguka* au *yameanguka*?" Hatakosea hata usingizini. Basi "The basket of mangoes are heavy" ni kosa lile lile. Watoto wa Kimarekani wananaswa na *mangoes* kwa sababu iko karibu na kitenzi. Aliyekulia kwenye ngeli anajua kitenzi kinamfuata bwana wake, si jirani. Nimewahi kumweleza mtoto wa Kinyarwanda hili kwa dakika tano, naye lugha yake ina ngeli kama sisi, na hakukosa tena swali la aina hiyo.

Fanyeni uhariri tu kwa wiki tatu. Maswali kumi kwa siku, si zaidi, lakini kila alilokosa aandike kwenye daftari *kwa nini* alilikosa, kwa Kiswahili kama akipenda. Orodha za maneno chomeni moto.

BabaTito_Queens:

Mwalimu amemaliza, mimi naongeza la kompyuta maana hapo ndipo wengi wataumia mwaka huu. Mtoto wangu alifanya kwa karatasi, sasa yuko Brooklyn Tech. Kuanzia Novemba hii mtihani ni wa kwenye kompyuta. Kuna maswali ya kuburuta jibu na kuliweka mahali pake, si kuchagua A, B, C, D peke yake. Kama Zai anafanyia mazoezi kwenye kitabu tu, siku hiyo atapoteza dakika kumi akishangaa skrini. Idara ya elimu imeweka majaribio ya kompyuta bure kwenye tovuti yao. Afanye angalau mawili yote, mwanzo hadi mwisho, amekaa kwenye kiti, bila simu.

Muda ni dakika 180 kwa maswali 114, Kiingereza na hesabu pamoja, na mtoto anajigawia mwenyewe. Wangu tulimpangia dakika 25 za uhariri, dakika kumi kumi kwa kila kifungu cha ufahamu, zinazobaki zote hesabu. Zai akiongezewa muda, mpange upya kabla ya siku yenyewe, asiende kugundua pale.

Halafu msisahau: jibu baya halikatwi alama. Asiache hata swali moja tupu. Na katika yale 57 ya kila upande, kumi ni ya majaribio yao, hayahesabiwi, wala hayajulikani ni yapi. Kwa hiyo akikutana na swali la ajabu ajabu asikae nalo kama msiba, abahatishe, asonge mbele.

Salma_BxSci:

Shikamoo mama, shikamooni wote. Mimi nasoma Bronx Science, darasa la kumi, nimezaliwa hapa lakini nyumbani ni Kiswahili kitupu, bibi yangu ni wa Lamu. Naomba kusema kuhusu shairi kwa sababu mimi ndilo lililonitisha.

Nilikuwa nasoma shairi la Kiingereza nikitafuta "ujumbe" kama tulivyokuwa tunaambiwa darasani. Maswali hayaulizi hivyo. Yanauliza: mstari wa 7 hadi wa 10 unafanya kazi gani? Taswira hii inaonyesha hali gani ya msemaji? Bibi alikuwa akinitegea vitendawili tangu niko mdogo, na siku moja nikagundua ni kitu kile kile. "Nyumba yangu haina mlango." Yai. Huulizi yai lina ujumbe gani, unauliza kwa nini kaliita nyumba. Basi nikawa nasoma kila taswira kama kitendawili, na shairi likawa ndiyo sehemu yangu rahisi.

Kingine, mama, kwenye ufahamu jibu lazima uweze kuligusa kwa kidole kwenye kifungu. Kuna majibu ya kweli kabisa duniani lakini hayamo kwenye kifungu. Hayo ni mitego. Mimi nilikuwa najua sana habari za nyuki, nikakosa maswali mawili ya kifungu cha nyuki kwa kujua kwingi.

Mwambie Zai wanaocheka sasa hivi mwaka ujao hawatakuwa naye darasa moja.

Mtu_wa_Bukavu:

Mama, jambo sana. Sisi tulifika hapa tukitoka Kongo kupitia Uganda, mtoto wangu hakuwa na Kiingereza hata cha kuomba maji. Nami nilikuwa na haya hiyo hiyo ya darasa la wanaojifunza. Nakwambia ile haya ingetunyima shule.

Ulizia kitu kinaitwa Discovery. Mtoto akikosa kiwango kwa kidogo, anaweza kuitwa kwenye masomo ya kiangazi, akiyamaliza vizuri anapewa nafasi. Ni kwa wale wanaosoma shule zenye watoto wengi wa kipato cha chini, na mwenyewe awe, kwa mfano, wa familia ya kipato cha chini, *au* awe anajifunza Kiingereza na amefika New York ndani ya miaka minne. Wewe umesema umefika 2023. Hesabu mwenyewe. Wangu alipita hapo, yuko Brooklyn Latin, sasa anatusumbua nyumbani na Kilatini, maana kule ni lazima miaka yote minne.

Mwl_Nuru:

Asante Mtu wa Bukavu, nilikuwa nakuja hapo. Mama Zai, ongeza hili: hakuna kiwango cha kufaulu kila sehemu peke yake. Alama za Kiingereza na hesabu zinajumlishwa, jumla ndiyo inayopangwa. Hesabu zake nzuri zitambeba, Kiingereza hakihitaji kuwa 50. Kikifika 35 ni mtoto mwingine kabisa. Na hesabu msiziache zilale kwa sababu ya Kiingereza, hilo nimeliona likitokea.

MamaZai_Bronx aliandika (wiki tano baadaye):

Nimerudi. Kaunsela nilimkuta, kwanza akasema tutaangalia, nikamwambia nitasubiri hapa hapa kwenye kiti. Ameandika, nimeona kwa macho yangu. Discovery pia kanithibitishia kwamba shule yetu imo.

Jaribio la jana kwenye kompyuta: Kiingereza 33. Uhariri peke yake 14 kati ya 20. Shairi bado, lakini Salma mwanangu, vitendawili sasa ndiyo kelele za jikoni kila jioni.

Tuna ugomvi mmoja wa nyumbani, Mwalimu utuamulie. Zai anatunga sentensi zake mwenyewe za mazoezi, akaandika hii: "My father drives a taxi, he leaves at four every morning." Anasema ina kosa. Baba yake anasema haina kosa lolote, maana ni kweli anaondoka saa kumi alfajiri kila siku.

Mwl_Nuru:

Binti yuko sahihi, mkato peke yake hautoshi hapo. Baba naye yuko sahihi kuhusu saa.