Kuku wa Polish: vifaranga vya kiwandani au vya mfugaji wa mbegu? Tupeane uzoefu

MamaBanda_Ohio
Wakuu habari za masiku. Msimu wa kuagiza vifaranga umefika huku Marekani, na jana mume wangu kaniuliza, "Na wale wa kishungi mwaka huu vipi?" Nikakosa jibu. Nimefuga Polish, hao kuku wenye kishungi kikubwa cha manyoya kichwani, miaka sita. Nilianza na wa kiwandani, yaani kiwanda cha kutotolesha vifaranga, nikahamia kwa mfugaji wa mbegu, anayezalisha kuku wa damu safi, na sasa nasita nirudi wapi.

Wa kiwandani waliletwa na posta, maana posta ya hapa inabeba vifaranga vya siku moja tangu 1918. Kifaranga anaishi kwa kiini cha yai kilichoingia tumboni mwake kabla ya kutotolewa, siku mbili tatu hana shida. Niliagiza kumi na tano, nikalipa dola tano na ushee kila mmoja. Walipokua, wawili tu ndio walifanana na picha. Wengine kishungi chao kilikuwa kama brashi ya viatu: kimesimama katikati, pembeni hakuna kitu. Mmoja miguu ya njano badala ya ile rangi ya jivu lenye ubluu, mwingine vidole vitano. Polish ana vinne, kwa hiyo kuna damu nyingine iliingia hapo.

Wa mfugaji nilinunua watatu, dola mia na themanini. Kishungi duara kama kabichi, upanga mdogo wa pembe mbili kama herufi V, pua pana zimeinuka. Lakini hawaoni! Jogoo alikuwa anapanda hewa, mayai kumi ninayoweka kwenye mashine yanatotolewa matatu.

Nyie mmepitia yapi?

Kijukuu
Hapo kwenye brashi ya viatu umenena dada. Wangu walikuwa hivyo hivyo.

Njoroge wa Mabanda
Mimi niko Kiambu. Huku kuku wa mapambo ni biashara kubwa sasa, na hapo ndipo watu wanaumizwa. Nilinunua jozi naambiwa ni Polish safi kutoka kwa breeda anayejulikana. Nikawazalisha wenyewe kwa wenyewe. Vifaranga kumi na wawili, watatu wakatoka vichwa vitupu kabisa kama kuku wa soko. Ndipo nikaelezwa na mtu anayejua kwamba kishungi kinarithiwa nusu nusu: kuku akipata kwa mzazi mmoja tu, anatoka na kishungi kidogo. Ukikutanisha wawili wa hivyo, robo ya watoto hawana kitu. Kumbe niliuziwa machotara bei ya mbegu.

Kwa hiyo ushauri wangu: usiangalie kuku unayeuziwa, dai uonyeshwe mama na baba.

Mtu wa Tanga
Jamani, kuku wa kishungi si tunao sisi tangu enzi? Bibi yangu Pangani alikuwa naye, mweusi, kishungi kama ushungi wa mwanamwali. Anaatamia mwenyewe, analea mwenyewe, kunguru akija anamfukuza. Mnalipa dola mia kwa kuku asiyeona njia?

Njoroge wa Mabanda
Mzee, hakuna aliyemdharau kuku wa bibi. Lakini si Polish. Polish ni kuku wa Ulaya, Waholanzi walimchora kwenye picha zao za zamani, na Wamarekani walimwandikia vipimo rasmi mwaka 1874. Hapa tunazungumzia mbegu.

Mtu wa Tanga
Mbegu isiyojua kuatamia ni mbegu gani? Mayai yake lazima umtafutie mama wa kambo.

MamaBanda_Ohio
Hilo ni kweli, Polish haatamii. Lakini jamani tusitoke kwenye mada.

Bukavu-Iowa
Bandugu, miye niko Iowa. Nilinunuaka kumi, zote za kiwanda. Majogoo zilikuwa saba! Sasa zinapigana kila siku. Polish wanauzisha bila kuchagua jogoo na mtetea. Kama hauna fasi ya majogoo, usinunue.

Salma_Minnesota
Nimesoma uzi huu kazini, nikashindwa kuendelea na kazi. Naomba niseme langu, refu kidogo.

Nilikuwa na mitetea sita wa kiwandani. Wazima, wana kelele, vishungi vya wastani. Mwaka uliofuata nikataka wazuri. Nikaendesha gari saa tatu kwenda kwa mzee mmoja anayefuga Polish weusi wenye kishungi cheupe. Banda lake ungeweza kulala humo. Akanipa mitetea watano wa wiki nane, na cheti cha NPIP mkononi, ule mpango wa taifa wa kupima magonjwa ya kuku hapa Marekani. Nikaona nimemaliza kila kitu.

Niliwaweka kibanda cha pembeni wiki mbili, nikawachanganya. Wiki ya sita mmoja akaanza kuchechemea. Nikadhani ameteguka. Kesho yake nimemkuta amelala, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, kama mtu anayeruka mtaro. Anakula ukimletea chakula mdomoni. Anakutazama. Nilimtengenezea kitanda kwenye boksi la viatu vya mume wangu, nikawa namnywesha maji kwa bomba la sindano kila nikirudi kazini. Siku ya tisa akafa. Wa pili akaanza. Wa tatu bawa likaning'inia.

Nilimpigia yule mzee simu nikamwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa. Nikamwita muuaji wa kuku. Nikaandika kwenye kundi la wafugaji wa jimbo kwamba asinunue mtu kwake. Yeye alinijibu taratibu tu, "Wangu wote wazima mama, njoo uwaone."

Wa nne alipokufa nikampeleka maabara ya wanyama. Daktari akanionyesha mwenyewe mshipa wa fahamu wa paja la kushoto: umevimba mara mbili ya ule wa kulia. Mareksi, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku. Nyumbani wengine wanauita mahepe. Akaniuliza una kuku wengine? Nikasema ndiyo, sita wa kiwandani, hawana lolote. Wamechanjwa? Ndiyo, nililipia chanjo. Akanyamaza kidogo, akasema chanjo ya Mareksi inazuia kuku asiugue, haizuii asibebe virusi. Virusi vinatoka na magamba ya manyoya, vinakaa kwenye vumbi la banda miezi na miezi.

Yaani huenda wale sita wangu ndio waliowaua wale wa mzee. Niliwatoa kwenye banda safi nikawaingiza kwenye vumbi lile kwa mikono yangu.

Nilirudi kule kwenye kundi nikafuta nilichoandika, nikaandika ukweli. Nikampigia mzee kumwomba radhi. Alinikubalia, lakini sauti yake haikuwa ile ya kwanza.

Kijukuu
Dada Salma pole sana. Mwili umenisisimka.

Doria
Ndio maana mimi sichanji! Chanjo zinatengeneza kuku wabebaji. Mfugaji anayekaa na kundi lake miaka kumi bila chanjo, dhaifu wameshakufa, waliobaki wana kinga kwenye damu. Hao ndio wa kununua.

DktMifugo_Moro
Doria, nusu yake sawa, nusu yake hatari. Ni kweli kuna koo za kuku zenye ukinzani wa kuzaliwa, na wafugaji makini wanauchagua. Lakini chanjo haitengenezi virusi vya shambani, navyo viko karibu kila mahali penye kuku. Usipochanja unacheza kamari, na Polish ana sifa mbaya kwa Mareksi. Chanjo yenyewe lazima ipewe siku ya kwanza au kifaranga akiwa ndani ya yai. Mfugaji mdogo inamshinda kwa sababu chupa moja ni dozi elfu, na ukishaichanganya inatakiwa iishe ndani ya saa moja hivi. Yeye ana vifaranga ishirini.

Na lile suala la cheti: NPIP ilianza miaka ya 1930 kwa ajili ya ugonjwa wa kuhara kweupe. Inapima huo, homa ya matumbo ya kuku, na mafua ya ndege kwa wanaojiunga na sehemu hiyo. Mareksi haimo. Watu wengi wanakishika cheti wakidhani kimepima kila kitu.

Doria
Bado nasema wangu ni wazima mwaka wa nane.

DktMifugo_Moro
Nakuombea waendelee hivyo. Ila usichanganye wageni na wenyeji.

MamaBanda_Ohio
Kwa hiyo nikinunua wa mfugaji wasiochanjwa, niwatenge moja kwa moja na wangu wa kiwandani?

DktMifugo_Moro
Ama hivyo, ama ununue mayai kwa mfugaji, utotoleshe mwenyewe, na uchanje siku hiyo hiyo hata kama utamwaga dozi mia tisa themanini.

TexasKwaMjomba
Wote mnasahau kichwa. Fuvu la Polish lina kifundo juu, kama nundu, na mfupa wa hapo haujaziba vizuri. Wa mfugaji kifundo ni kikubwa zaidi kwa sababu ndicho kinachobeba kishungi kikubwa. Mimi niliwachanganya kwenye bruda, kile kiboksi cha joto cha kulelea, na vifaranga vyekundu vya mayai. Asubuhi nimemkuta mmoja kichwa chekundu, wenzake wanamdonoa wakidhani ni punje. Nilimpaka dawa ya zambarau, nikamweka peke yake na kioo ili asijione mpweke. Alipona. Mwenzake hakupona.

Walee peke yao. Na wakikua wakate manyoya ya mbele ya macho, mwewe hawakupi nafasi ya pili.

Njoroge wa Mabanda
Usikate, funga. Ukikata huwezi kumpeleka maonyesho.

TexasKwaMjomba
Sijafuga wa maonyesho. Nataka aishi.

Mtu wa Tanga
Dada Salma, samahani kwa maneno yangu ya juu, sikujua mambo yenyewe ni mazito hivi. Walikuwa watano, umetaja vifo vinne. Yule wa tano?

Salma_Minnesota
Yupo kaka. Mwaka wa tatu huu, hajawahi kuchechemea. Anataga yai jeupe, siku moja anataga, mbili anapumzika. Nimemfunga kishungi kwa raba ya nywele ya binti yangu, ile ya zambarau, kwa hiyo sasa nayaona macho yake yote mawili. Mwezi uliopita yule mzee alinipigia mwenyewe, anataka mayai yake.