Matairi mapya ya Toyota 86: nibaki na inchi 17 au nibadilishe?

Mkazi wa Tegeta:

Wakuu, habari za jioni. Ninaomba ushauri wenu kuhusu matairi, kwa kuwa kila duka ninaloingia linanipa jibu lake, na jibu hilo kwa bahati mbaya hulingana na mzigo uliopo dukani siku hiyo.

Gari langu ni Toyota 86 ya mwaka 2013, daraja la GT, lenye gia za mkono, ambalo niliagiza kutoka Japani na kulipokea bandarini Dar es Salaam mwaka jana. Lilikuja na matairi ya saizi ya kiwandani, 215/45R17 (upana wa milimita 215, ubavu wenye kimo cha asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17), ambayo ukiyatazama kwa macho bado ni mazima: kashata (raba yenye mikondo inayokanyaga lami) ni ndefu, hayana uvimbe, wala hayajachanika popote. Hata hivyo, mwezi uliopita, mvua ikiwa imeanza tu kunyesha, nilikuwa ninazunguka kipilefti kwa mwendo usiozidi kilometa 30 kwa saa, na nyuma ya gari ikahama ghafla kana kwamba nimepita juu ya sabuni. Fundi wa mtaani kwetu ameniambia kuwa hiyo ndiyo tabia ya magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, nami sikuridhika na maelezo hayo.

Kila siku ninatoka Tegeta kwenda Posta na kurudi, na mara moja kwa mwezi ninakwenda Morogoro. Nimepata njia tatu. Ya kwanza ni kununua matairi mapya ya saizi ileile kutoka kampuni kubwa inayojulikana. Ya pili ni matairi mapya ya 225/45R17 ya kampuni ambayo sijawahi kuisikia, kwa karibu nusu ya bei. Ya tatu ni rimu za inchi 18 kutoka kwa dalali mmoja, zikiwa na matairi ya mtumba ya 225/40R18 ambayo anasema yametumika kwenye viwanja vya mashindano huko Japani na bado yana nguvu. Ninakiri kwamba rimu hizo zinapendeza sana, na huenda ndiyo sababu ninahitaji watu wa kunizuia.

Fundi Magurudumu, Ilala:

Mkuu, kabla hatujagusa suala la saizi, lala chini ya gari ukiwa na tochi ya simu na utafute herufi DOT kwenye ubavu wa kila tairi. Mwishoni mwa mstari huo utaona tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 1714 ni wiki ya 17 ya mwaka 2014. Usishangae ukizikosa upande wa nje, kwani mara nyingi huchapwa upande mmoja tu, na aliyefunga tairi anaweza kuwa ameugeuzia ndani. Kisha bonyeza kashata kwa ukucha. Raba iliyo hai huupokea ukucha kidogo na kurudi mahali pake, lakini raba iliyozeeka huwa kama soli ya kiatu kilichosahaulika juu ya bati.

Ninashuku utakuta tarakimu za zamani, kwa sababu magari mengi ya namna hiyo hukaa muda mrefu Japani bila kutembezwa, na ndiyo maana kashata hubaki ndefu huku raba ikikauka. Wateja wengi hupima tairi kwa urefu wa kashata peke yake, wakisubiri hadi lifike kwenye vile vinundu vya kimo cha milimita 1.6 ndani ya mikondo. Urefu huo unakwambia maji yatapata wapi pa kupita, lakini haukwambii kama raba yenyewe bado inaweza kung'ang'ania lami iliyolowa. Michelin wenyewe hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe hata kama linaonekana zima. Na mvua inayoanza tu kunyesha ndiyo mbaya kuliko zote, maana huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyotuama barabarani wakati wote wa kiangazi.

Fundi wa mtaani kwenu amekupa nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba 86 ilibuniwa iweze kuteleza kidogo kwa hiari ya dereva, na ndiyo sababu GT ilifungwa kiwandani matairi ya Michelin Primacy HP, aina iliyofungwa pia kwenye baadhi ya Toyota Prius, ili dereva aonje utelezi huo bila kuhitaji mwendo wa hatari. Lakini kuteleza kwa kilometa 30 bila wewe kutaka si ubunifu wa Toyota. Ni raba iliyokufa.

Sasa nizungumzie njia zako tatu. Hiyo ya tatu iache leo hii. Matairi ya mashindano hutengenezwa yafanye kazi yakiwa ya moto, yana mikondo michache ya kutolea maji, na kila yanapochemka na kupoa huzidi kuwa magumu; yakishatumika uwanjani na kuuzwa, unanunua mabaki ya kazi ya mtu mwingine. Zaidi ya hapo, ubavu wa 225/40 una kimo cha milimita 90, wakati ubavu wa 215/45 una takriban 97. Milimita saba ni kitu kidogo mezani, lakini ukiingia kwenye shimo usiku, ni hizo ambazo zingeokoa rimu.

Njia ya pili haina kasoro kubwa kwa upande wa saizi. Tairi la 225/45R17 limezidi la kwako kwa milimita 9 za kipenyo, yaani asilimia 1.4 hivi, na spidomita itaonesha mwendo mdogo kidogo kuliko ule halisi. Rimu yako ina upana wa inchi 7, ambao ndio mpaka wa chini kwa tairi hilo, kwa hiyo litakaa ingawa ubavu utajikunja kidogo kwa ndani. Ninachohofia ni raba yenyewe. Mwombe muuzaji akuoneshe kibandiko chochote kinachotaja mshiko kwenye maji: matairi yaliyoandaliwa kwa soko la Ulaya huwa na herufi kuanzia A hadi E penye picha ya wingu la mvua, na ya Japani huwa na herufi ndogo kuanzia a hadi d. Kama hakuna kibandiko, hakuna namba na hakuna anayejua lolote zaidi ya bei, basi bei ndiyo sifa pekee ya tairi hilo. Angalia pia namba za mwisho wa saizi. Kwako iliandikwa 87W: tairi moja linabeba kilo 545 na linastahimili mwendo wa hadi kilometa 270 kwa saa. Hutafika huko, wala trafiki hatakuruhusu, lakini tairi lenye herufi ya juu limejengwa kustahimili joto zaidi, na lami ya Chalinze saa nane mchana ina joto la kutosha.

Ninakuongezea njia ya nne ambayo hukuiuliza. Madaraja ya chini ya 86 yalitoka na 205/55R16. Kipenyo chake kinakaribia kabisa cha kwako, tofauti ikiwa asilimia 1 tu, ila ubavu una kimo cha karibu milimita 113, na ni saizi inayopatikana kila kona kwa bei ya kibinadamu. Ukizitafuta rimu hizo, jihadhari na jambo moja. Gari lako lina nati tano kwenye duara la milimita 100, sawa na Prius, na watu hudhani rimu ya Prius itaingia. Haiingii, kwa sababu 86 ilitengenezwa na Subaru na tundu la katikati linatakiwa liwe la milimita 56.1, wakati la Prius ni 54.1. Nimeshuhudia kijana akiigonga rimu hiyo kwa nyundo nusu saa nzima. Chukua rimu za Subaru Impreza zenye nati hizohizo, na ufunge moja mbele kwanza kuhakikisha haigusi kalipa ya breki kabla hujatoa pesa.

Subaru wa Ruiru:

Ninamuunga mkono fundi, nami nitaongeza lile lililonigharimu mwenyewe hapa Kenya. Nina Impreza STI, saizi yake ikiwa 225/45R17. Miaka miwili iliyopita nilibadilisha matairi mawili ya mbele pekee, kwa kuwa gereji niliyoizoea ilinihakikishia kwamba ya nyuma yalikuwa bado na maisha. Baada ya wiki chache gari lilianza kukaza kila nilipokata kona kali ya kuegesha, kana kwamba kuna mtu ameshikilia breki ya mkono.

Nilichukua uzi, nikauzungusha kwenye tairi la mbele, nikaweka alama ya kalamu, kisha nikauzungusha kwenye la nyuma. Tofauti ilikuwa sentimita tatu kamili. Ukifikiri ni kidogo, kumbuka kwamba kwenye gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne, Subaru hutaka mizunguko ya matairi isitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Difu ya katikati, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ilikuwa inafanya kazi hata ninapokwenda moja kwa moja, ikichemka bure.

Gari lako husukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, kwa hiyo tofauti ya mbele na nyuma haitaiua difu yako. Lakini GT ina difu ya aina ya Torsen nyuma, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya kushoto na kulia, na ukifunga tairi jipya kushoto na lililolika kulia, itahangaika vivyo hivyo. Nunua manne ya aina moja kwa siku moja. Pesa zikipungua, nunua mawili na uyafunge nyuma, hata kama moyo unakutuma uyaweke mbele; mbele ikiteleza unapunguza mwendo na gari linarudi, lakini nyuma ikiteleza penye maji, wengi wetu hugundua tukiwa tumeshageuka kutazama tulikotoka.

Kijana wa Njiro:

Nimekuwa na Subaru BRZ, pacha wa gari hilo, kwa miaka minne hapa Arusha, na ninaomba kutofautiana kidogo na fundi. Rimu za inchi 16 nilizifunga kwa miezi sita. Mashimo yalikuwa rahisi kweli, lakini usukani ulipoteza ule ujumbe ambao ndiyo sababu ya mtu kununua gari la namna hii badala ya lenye milango minne na buti kubwa. Ubavu mrefu hujikunja kwanza ndipo gari ligeuke. Nilirudi kwenye 17 na sijajuta, ingawa nimewahi kunyoosha rimu mbili.

Kwa mtu anayeendesha barabara ya lami kila siku na mvua za masika na vuli zikiwa zinamsubiri, ningechagua tairi la michezo la barabarani, si la uwanjani. Namna ya kuyatambua kwa haraka ni namba iliyo mbele ya neno TREADWEAR (kiwango cha kulika kwa kashata) ubavuni. Yale ya uwanjani huwa na 200 au chini ya hapo, na kwa matumizi yako huenda usione hata mwaka wa pili. Ya barabarani huanzia karibu 300. Usiitumie namba hiyo kulinganisha kampuni moja na nyingine, kwa sababu kila kampuni hujipimia yenyewe, na kama ilivyo kawaida hakuna anayejinyima maksi.

Mkazi wa Tegeta:

Wakuu, ninawashukuru sana. Nililala chini ya gari jana asubuhi kama nilivyoelekezwa. Matairi mawili ya nyuma ni 1714, na ya mbele ni 1714 na 3815, yaani hata hayakuzaliwa pamoja. Ukucha haukuingia hata kidogo.

Nimeamua kubaki na 215/45R17, mapya, ya michezo ya barabarani, yote manne. Nimeziona hoja za inchi 16, na kama ningekuwa ninaishi mahali penye barabara ya vumbi ningezifuata. Dalali nimemwambia hapana, na akanijibu kwamba nitajuta. Swali langu la mwisho ni kuhusu upepo na alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu: kijana wa sheli hujaza pauni 40 kila gari bila kuuliza.

Fundi Magurudumu, Ilala:

Fungua mlango wa dereva, utaona kibandiko kwenye nguzo. Kwa saizi yako kinapaswa kusema 240 kPa, ambazo ni takriban pauni 35, mbele na nyuma. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, na ununue kipimo chako mwenyewe, kwani cha sheli huangushwa chini mara kumi kwa siku. Pauni 40 zitalifanya tairi likanyage kwa tumbo lake la katikati, likaliwe hapo, na mshiko upungue.

Alaimenti fanya siku hiyohiyo, lakini kagua bushi za nyuma (raba za kwenye maungio ya magurudumu) kwanza, kwa maana alaimenti juu ya bushi zilizokufa haidumu hadi mwisho wa wiki. Simamia ufungaji pia. Kama tairi lina neno OUTSIDE, neno hilo lazima lionekane nje kwenye magurudumu yote manne. Halafu endesha kwa upole kilometa 200 hadi 300 za mwanzo, kwa sababu tairi jipya huwa na utelezi wa vilainishi vya kiwandani juu yake.

Mkazi wa Tegeta:

Nimetoka dukani sasa hivi. Nilisoma tarakimu za kila tairi kabla ya kulipa, muuzaji akinitazama kama ninayehesabu punje za mchele. Matatu ni 0225. La nne, lililokuwa chini kabisa ya rundo, lilikuwa 4721. Alisema ni lilelile, saizi ileile, na hata akanipunguzia bei. Nimelikataa, naye ameahidi kuleta jingine kutoka ghalani Jumatatu. Hayo matatu nimeyaacha kwake hadi la nne lipatikane, na wiki hii ninapanda daladala.