MREJESHO: Kiyoyozi kilichokuwa kikipoza dakika kumi kisha kinatoa joto

Wakuu, nilieleza kwamba baada ya kubadilisha kompresa (pampu ya gesi), kiyoyozi cha gari kinapoza vizuri dakika kumi hivi, halafu hewa inageuka ya moto. Nikizima kidogo na kuwasha tena, baridi inarudi. Ahsanteni, tatizo limepatikana.

Kompresa haikuwa na kosa. Yule aliyesema tufunge geji za kupima presha ya gesi na kusubiri hadi baridi ipotee alinisaidia sana, maana mwanzoni kila kitu kilionekana sawa. Joto lilipoanza tu, mshale wa upande wa presha ndogo ulishuka hadi chini ya sifuri. Hapo fundi akatambua: kuna unyevu ndani. Maji yanaganda kwenye ekspansheni vavu (tundu jembamba la kupitishia gesi), yanaziba njia ya gesi, ukizima barafu inayeyuka.

Chanzo ni kwamba kompresa ilipobadilishwa, draya ya zamani (chombo cha kufyonza unyevu) iliachwa, na mfumo ulikaa wazi siku mbili. Draya ikifyonza unyevu wa hewa namna hiyo haifai tena. Oili nayo hunyonya maji.

Tumetoa gesi yote kwa mashine, tumeweka draya na oili mpya, tumevuta vakyumu (kunyonya hewa na unyevu nje) saa nzima, tukaiacha nusu saa na mshale haukupanda, yaani hakuna panapovuja. Gesi ya R134a tuliijaza kwa mizani, kufuata gramu zilizoandikwa chini ya boneti.

Leo ni wiki ya pili, safari ndefu na foleni, baridi haijakatika.